Ile Saba

Jumamosi, Daraja Kavu, Tbilisi.
Guram anatandaza blanketi la jeshi
juu ya boneti ya gari lisilowaka tangu Pasaka,
anapanga nyota, nishani, vifungo, kofia ya rubani,
ananipa lenzi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu.
"Usiniambie unachokipenda, Nutsa. Niambie unachokiona."

Mwezi wa kwanza niliona wekundu tu.
Wa pili nikajua kuna wekundu na wekundu:
enameli ya kweli ina kina, kama divai glasini,
na chini yake miale ya fedha inapumua;
ya uongo imelala juujuu, rangi ya kucha.
Nikajifunza kunusa. Fedha iliyozeeka yenyewe hainuki kitu;
iliyozeeshwa jana kwa viini vya mayai
hunuka kiamshakinywa cha tapeli.
Nikajifunza kuigusisha mdomo wa chini:
fedha hupokea joto upesi,
bati hununa.

Uchakavu una adabu zake. Huanzia palipoinuka,
pua ya askari, ncha ya bunduki,
ukingo uliosuguana na koti.
Ukikuta mikwaruzo imeenea sawasawa kila pahali
basi hapo hakupita maisha,
ilipita msasa.

Mholanzi mmoja mwenye mkoba wa ngozi
alinunua kwa Jumber, jirani yetu, beji ya manowari
iliyozaliwa mwezi Machi katika gereji ya Rustavi.
Nikanyanyuka. Guram akanishika mkono.
"Mwache, naye yuko shuleni.
Ada yake tu ndiyo kubwa kuliko yako."

Leo nimeleta ya kwetu,
Nyota Nyekundu ya babu Shalva, ndani ya soksi.
Kila Mei tisa aliivaa kifuani, upande wa kulia,
akasimama roshani tangu asubuhi
kama mtu anayesubiri barua.
Nilitaka Guram aniambie ninachokijua tayari.
Hakuipokea. "Lenzi unayo wewe."

Wekundu: una kina.
Pua ya askari: imelika, imelika vizuri.
Namba inalingana na ya kijitabu, tarakimu kwa tarakimu.
Kisha ile saba.

Saba ya mchongaji wa kiwanda huingia kwa kishindo,
hutoka kama mkia wa panya.
Hii imetetemeka. Ndani ya mguu wake
vishimo vya duara, vidogo, vimefuatana
kama nyayo za shomoro kwenye theluji.
Keekee ya meno.

Nikainua macho. Guram,
aliyechonga meno ya bandia miaka ishirini
kabla kliniki haijafungwa,
alikuwa akifuta kifungo kilichokwisha takata.

"Baridi ile," akasema, "tulipochoma mbao za sakafu,
alinijia mwanamke wa koti la kijani.
Ya kweli alishaiuza, kwa gunia la unga
na mafuta ya taa. Alitaka nyingine kabla ya Mei,
mzee asijue.
Akanilipa kwa unga uleule."

Bibi Eteri. Koti lile nalikumbuka.
Naikumbuka na Mei ile, babu akiipima kiganjani:
"Imekuwa nyepesi."
Na bibi, bila kugeuka jikoni:
"Wewe ndiye umekuwa mzito."
Hakuuliza tena. Aliivaa mpaka pua ya askari ikaisha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Huu ulitembea miaka kumi na tisa kifuani mwa mtu
na uchakavu wake ni wa halali.

Mholanzi karudi. Ameiona mkononi mwangu.
Anatoa noti, si haba.
"Ya bandia," namwambia, kwa sauti, Guram asikie.
Haniamini. Anaongeza noti.

Naisukuma ndani ya soksi.
Guram ananyoosha mkono: kwanza aitazame,
mara moja tu, ile saba.
Anainama nayo juani, muda mrefu, jicho kwenye lenzi.
"Vidole viliniganda siku ile," anasema.